Websaiti ya kikundi cha wazee wa muziki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nina steshenari ndogo karibu na soko la Majengo hapa Dodoma mjini, natoa kopi, nachapa barua, na miaka michache hii nimejikuta nawatengenezea websaiti wazee wanaopiga muziki kwa raha zao tu. Wengine ni wastaafu wa serikali wanakutana Jumamosi jioni kupiga dansi la zamani, wengine kwaya, wengine ngoma za Kigogo kutoka vijiji vya Chamwino. Hela hamna ila stori zipo. Maneno ninayoyasikia ni yaleyale kila siku, kwa hiyo leo nayaandika nipumzike kuyajibu kaunta.

DHANA: Wazee hawawezi mambo ya intaneti.

Ukweli: Mweka hazina wa kikundi kimoja ana miaka 71, anatuma voisi WhatsApp, analipa luku kwa simu, na mjukuu wake ndo anamuuliza yeye bando lipi lina unafuu. Siku nilipomuonyesha websaiti ya kwanza niliyowatengenezea akaisogeza simu mbali, mkono wote umenyooka, akavua miwani, akavaa tena, akaniambia mwanangu hii umeandika au umepaka vumbi. Na kweli bwana, nilitumia kijivu juu ya nyeupe, herufi ndogo, niliona ndo kisasa. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, vitu vya karibu vinasumbua, hilo halina uhusiano na akili ya mtu. Mwongozo wa kimataifa unaoitwa WCAG unataka utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na kuna vikaguzi vya bure mtandaoni vya kupimia. Mimi siku hizi naweka nyeusi juu ya nyeupe, herufi pikseli 18 au 20, vitufe vinene vya kubonyezeka na kidole cha mtu aliyelima maisha yake yote. Tangu hapo sijaulizwa habari ya vumbi.

DHANA: Tuna grupu la WhatsApp, websaiti ya nini.

Ukweli: Kama shida yenu ni kuambiana mazoezi saa ngapi, ni kweli hamuihitaji, bakini na grupu lenu msitupe hela. Ila mwenye harusi Iringa hawezi kuliona grupu lenu, na posti ya Facebook ya mwezi wa tatu kuitafuta ni kama sindano kwenye pumba. Websaiti inakaa palepale.

DHANA: Kijana akishatengeneza, kazi imeisha.

Hapa ndo wengi wanaumia, kaeni tuongee.

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Domeini ni jina, lile linaloishia na .or.tz au .co.tz au .com, na jina hamlinunui moja kwa moja, mnalikodi kwa mwaka na kulipia tena. Hosti ni nyumba, yaani kompyuta ya mtu mwingine ambako mafaili yenu yanalala, nayo ina kodi yake. Websaiti yenyewe ni vyombo vya ndani. Sasa kijana anakuja, mchangamfu, anasajili domeini kwa imeili yake, namba yake, paswadi kichwani mwake, anapewa soda na ahsante, wazee wanafurahi. Baada ya miezi kumi amepata kazi Mwanza amebadilisha laini, notisi ya kulipia inaenda kwenye imeili ambayo hata yeye haifungui, siku zinapita, jina linakufa. Na jina likishaachiwa mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Kikundi kimoja kilinijia wakiwa wamechapisha jina lao la websaiti mpaka mgongoni mwa fulana, fulana 24, kijani nzuri kabisa, na jina ndo lishaenda hivyo. Yule kijana hakuwa mwizi jamani, alikuwa kijana tu, na mimi mwenyewe nilishawahi kuwa huyo kijana kwa kikundi kingine kwa hiyo sina cha kumrushia mawe.

Dawa yake haina utaalamu wowote. Fungueni imeili ya kikundi, siyo ya mtu. Domeini isajiliwe kwa jina la kikundi na imeili hiyo. Paswadi ziandikwe kwenye daftari lilelile la michango, karatasi kwa kalamu, katibu ana nakala na mweka hazina ana nakala, lifungiwe kabatini. Najua watu wa kompyuta wanasema usiandike paswadi, ila kwa kikundi cha watu 18 wenye wastani wa miaka ya kustaafu, mwizi wa mtandao hawezi kufungua kabati la bibi, na bibi hawezi kukumbuka herufi 14. Alafu laini ya simu inayopokea zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji iwe ya kikundi, maana hapo ndipo nimeona watu wanakwama hata paswadi wanayo. Ikiwezekana lipieni jina miaka miwili mitatu kwa mpigo siku ile hela za shughuli zimeingia, kabla hazijaenda kwenye pilau.

DHANA: Tuweke bango letu zuri kama picha, kila kitu kimo.

Ukweli: Bango la A3 likibanwa kwenye skrini ya simu linakuwa kijibango. Mtu anavuta kwa vidole viwili, namba ya simu inatoka nje ya kioo, anairudisha, anaandika tarakimu tatu kwenye karatasi, anasahau. Andikeni maneno kama maneno. Namba ikiwekwa vizuri mtu anaigusa tu simu inaita, na wanaotafuta Google wanawapata kwa urahisi zaidi kuliko maandishi yaliyofichwa ndani ya picha.

DHANA: Websaiti ikifunguka muziki uanze wenyewe.

Ukweli: Katibu mmoja aling'ang'ania hili kama wiki mbili. Chrome, ile programu ya kufungulia websaiti, tangu 2018 inazuia sauti inayojianzisha bila mtu kugusa, kwa hiyo hata ukitaka mara nyingi haitalia, na ikilia itamlilia mtu msibani. Jingine ni bando. Wimbo uliorekodiwa kwa WAV, faili lisilobanwa, unakula kama MB 10 kwa dakika, ule wa MP3 ya kawaida ya 128 kbps, faili lililobanwa, unakula kama MB 1. Na dansi la wazee mnalijua, solo linaingia dakika ya tano, wimbo dakika nane, sasa MB 80 nani atafungua huko Bahi? Video pandisheni YouTube, mniletee linki.

DHANA: Ngoma ya asili haina mwenyewe, na nyimbo za zamani ni za wote.

Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi zikitumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Na dansi la zamani mtunzi akifariki haki inaendelea miaka 50 kwa warithi, kwa hiyo ule wimbo mnaoupiga kila Jumamosi labda wajukuu zake wapo. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndo mahali pa kuuliza, ulizeni kabla ya kurekodi. Zenu mlizotunga wenyewe wekeni kwa raha na muandike nani katunga.

DHANA: Wanachama wote tuweke majina na namba zetu, tujulikane.

Ukweli: Mtajulikana, hasa kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba moja ya kikundi inatosha. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hata picha ya mtu muulizeni kwanza. Bibi mmoja alikataa picha yake kwa sababu kilemba kilikaa vibaya. Tukapiga nyingine.

DHANA: Nani atatutafuta sisi wa huku.

Hili huwa wanalisema mwisho, kwa sauti ya chini. Mimi huwa namtaja Hukwe Zawose, Mgogo mwenzao, aliyefariki 2003, marimba na zeze lake vilisikika mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya kabla hata simu janja hazijafika kwetu, na mpaka leo watu wa mbali wanatafuta muziki wa Wagogo na wengi wanaishia kusoma maelezo ya wageni kwa sababu wenyewe hatujaandika. Mwezi uliopita imeili ya kikundi cha Chamwino iliingia ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wa muziki Ujerumani, anauliza zeze lina nyuzi ngapi. Nikampigia mzee kiongozi, nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema, mwambie zipo za mbili, zipo za nne, zipo kubwa kuzidi hapo, yeye anauliza la nani?