Bafu la ndoto bila kuhamisha choo

Anayeniita nimsaidie kulipamba bafu lake kwa kawaida huja na picha alizokusanya. Nami humwambia aendelee kuzikusanya. Ila kabla hatujagusa bei ya kitu chochote, tunaitazama picha moja moja na ananionyesha kwa kidole kinachomvuta. Jibu la kwanza huwa ni ile marumaru ya ukutani, au lile sinki la ajabu. Tukiendelea kuitazama, mengine yanajitokeza: mwanga unaotoka pande zote mbili za kioo, kando ya sinki hakuna chupa hata moja, na chumba kizima kina rangi mbili tu, zikizidi sana tatu. Iondoe marumaru kwenye picha hiyo, uache mwanga, nafasi tupu na rangi chache, bado bafu litapendeza. Acha marumaru peke yake uondoe hayo mengine, picha imekwisha.

Ndiyo maana nasema bafu zuri kwa fedha kidogo linawezekana kabisa. Kinachotakiwa ni fedha ielekezwe jicho linapotua na maji yanapogusa, isizikwe sakafuni kwa kuhamisha mabomba.

Choo cha kukaa kimeunganishwa na bomba la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 100 au 110, na bomba hilo halilazwi sawasawa. Hupewa mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita ili maji na uchafu viende pamoja. Ukitaka choo kihamie ukuta wa pili, mita 2 kutoka kilipo, mwanzo wa bomba utabidi uwe juu zaidi au mwisho wake uwe chini zaidi kwa sentimita 4. Sakafu itavunjwa, zege litamwagwa upya, kinga ya maji itarudiwa, na vigae vya chini vyote vimekwenda. Sinki ni tofauti. Bomba lake la kutolea maji ni jembamba na laweza kupita ndani ya kabati, hivyo kulisogeza kidogo kushoto au kulia hakumsumbui fundi. Shawa ina habari mbili: kichwa cha juu unaweza kukibadilisha upendavyo, lakini tundu la sakafuni liache lilipo.

Kwa hiyo chukua karatasi ya miraba, kila mraba uwe sentimita 10, uchore chumba kilivyo leo, pamoja na mlango na upande unaofungukia. Mlango watu huusahau. Ukifunguka kwa nje, au ukawa wa kuteleza ukutani, bafu dogo hupata sehemu ya kusimama ambayo haikuwepo, na gharama yake ni ya seremala peke yake.

Sasa tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii: grauti, yaani ule mchanganyiko unaojaza mianya kati ya kigae na kigae. Vigae vingi vinavyohukumiwa kung'olewa havina kosa lolote. Kilichochakaa ni grauti iliyokuwa nyeupe ikawa ya kahawia huku na nyeusi kule. Anza kwa kuisugua kwa brashi ngumu na dawa isiyo na asidi, maana grauti ya saruji huliwa na asidi, siki ikiwemo. Ikigoma kutakata, kwangua tabaka la juu, milimita 2 au 3, safisha vumbi, kisha jaza grauti mpya. Ni kazi ya kuchosha magoti, lakini haihitaji mashine kubwa wala ujuzi wa miaka.

Chagua rangi ya grauti kwa uangalifu uleule unaoutumia kuchagua rangi ya ukuta. Ikikaribiana na kigae, ukuta huonekana kitu kimoja na chumba kinatulia. Ikitofautiana sana, kila mstari utaonekana, na kama fundi wa zamani alipinda kidogo, upindaji wake utatangazwa kwa kila aingiaye. Kwenye sakafu mimi hupendelea kijivu cha wastani, kwa sababu nyeupe ya sakafuni haidumu hata ikitunzwa.

Kwenye pembe, pale ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, usijaze grauti. Nyuso mbili zinazokutana hutanuka na kusinyaa kila moja kwa mwendo wake, na grauti haina unyumbufu, itapasuka. Hapo ni mahali pa silikoni. Na silikoni ya zamani iondolewe yote, mpaka chembe ya mwisho, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Mstari mwembamba, ulionyooka, wa silikoni safi kuzunguka sinki na shawa hubadilisha sura ya bafu kwa gharama ya tyubu moja.

Mwanga ndio wa pili. Taa moja katikati ya dari inaangukia kichwani na kuacha vivuli chini ya macho na kidevu, hivyo kila anayejitazama kwenye kioo hujiona mgonjwa. Weka taa mbili, moja kila upande wa kioo, kimo cha uso. Pakiwa hapatoshi, tumia taa moja ndefu juu ya kioo, upana wake ukaribiane na wa kioo chenyewe. Kwenye boksi la balbu soma namba mbili: joto la mwanga, kati ya kelvini 2700 na 3000 ukipenda wa kutuliza, 4000 ukipenda mweupe zaidi, na kipimo cha uhalisia wa rangi, CRI, ambacho kikifika 90 ngozi huonekana ilivyo. Taa zilizo karibu na maji ziwe na alama ya IP44 angalau, IP ikiwa kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji, na zilizo ndani ya eneo la shawa ziwe na kinga kubwa zaidi, kama IP65. Nyaya za bafuni ni za fundi umeme mwenye leseni. Hapo sipunguzi senti, nawe usipunguze.

Rangi ya ukuta iwe ya kung'aa kiasi, ile inayofutika kwa kitambaa kibichi, na ipakwe baada ya kuua kuvu, kamwe isipakwe juu yake. Kuvu hurudi kama mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo feni ya kutolea hewa iachwe izunguke dakika 15 au 20 baada ya mtu kuoga. Wengi huambiwa chumba kidogo lazima kiwe cheupe. Mimi sikubali. Nyeupe huhitaji mwanga wa jua ili ing'ae; ndani ya bafu lisilo na dirisha hugeuka kijivu kisicho na uhai. Chumba kama hicho hupendeza kikivishwa kijani kizito au buluu ya usiku kuanzia juu ya vigae hadi darini, taa za kioo zikifanya kazi yake. Debe moja dogo latosha.

Ikibidi kununua vigae, nunua vya kawaida kabisa, vyeupe au vya rangi ya mchanga, na umakini wako uuweke kwenye upangaji. Fundi atafute kwanza katikati ya ukuta, apange vigae vikavu sakafuni bila gundi, ahakikishe vipande vilivyokatwa vinalingana pande zote mbili na si vyembamba kuliko nusu kigae. Utamu wa vigae vya gharama unatokana sana na utaratibu huo. Ongeza sehemu moja ya kumi juu ya eneo ulilopima kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo, kwani rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Kile kigae cha thamani ulichokiota kiweke sehemu moja tu, nyuma ya sinki, kuanzia bomba hadi kioo. Chini ya miguu, usivutwe na kinachong'aa: tafuta kisichoteleza, chenye alama R10 au zaidi (R ni kipimo cha kutoteleza), au vigae vidogo vidogo ambavyo mianya yake mingi huupa mguu mshiko.

Vigae vya zamani vya ukutani vinaweza kupakwa rangi ya epoksi, baada ya kuondoa mafuta, kupiga msasa na kupaka rangi ya kushikizia. Vya sakafu ya shawa usijaribu; itabanduka.

Kuna mahali pamoja ambapo neno "bajeti" halina haki ya kuingia: kinga ya maji chini ya vigae vya shawa. Ipakwe mara mbili, mpako wa pili ukikata wa kwanza, pembe zote zikiwa na utepe wake, na sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea tunduni. Kabla ya kigae cha kwanza kulazwa, tundu lizibwe, maji yajazwe kiasi na yaachwe saa 24. Yakipungua, au ukuta wa upande wa pili ukilowa, shida hiyo bado inatibika kwa mpako mwingine.

Mabomba ya kunawia yanunuliwe kwa mkono. Lishike: la shaba nyeupe ni zito, na ndani liwe na vali ya diski za seramiki, inayodumu kuliko ya mpira. Kisha ndoano za taulo, vitasa na bawaba vifanane nalo rangi, vyote vya fedha au vyote vyeusi. Hii ndiyo njia ya haraka ya kufanya vitu vilivyonunuliwa nyakati tofauti vionekane vilikusudiwa pamoja. Chupa na maburashi yapate kabati nyuma ya kioo, na akiba ya taulo ipande kwenye rafu juu ya mlango. Pazia la shawa lipandishwe karibu na dari badala ya kuishia kichwani.

Fedha ikija kidogo kidogo, kazi ifuate mpangilio huu: usafi, grauti na silikoni kwanza, halafu mwanga na kioo, halafu rangi, kisha mabomba na vishikio. Vigae viwe vya mwisho, na viache visubiri mwezi mmoja baada ya hayo yote kukamilika. Ukishaliona bafu katika mwanga mpya na mistari safi, ndipo utajua kama ukuta ule kweli unahitaji kubomolewa, au fedha yake iende kwenye feni nzuri zaidi.