Ruti: kila mpenzi ana kipande chake cha fumbo

Abiria wa daladala hahitaji kuelezwa maana ya ruti. Ukipanda gari la Mbagala, hutashuka Mwenge. Wajapani wanaocheza riwaya za picha nao wanalo neno hilohilo, wao hulitamka "ruto", na ukishalielewa umeelewa nusu ya gemu zenyewe.

Riwaya ya picha ni gemu ya kusoma. Nyuma kuna picha ya mahali, mbele wanasimama wahusika, na chini maneno yao yanapita kwenye kisanduku. Unabonyeza, unasoma, unabonyeza tena. Mara mojamoja hadithi inasimama na kukuuliza: useme nini, uende wapi, umfuate nani? Ruti ni mkondo wa hadithi unaoingia baada ya majibu yako kukusogeza karibu na mtu fulani. Kabla ya hapo upo kwenye ruti ya pamoja, ambako wahusika wote wako mezani na hujafungamana na yeyote.

Majibu yako yanahesabiwa kimyakimya. Jibu likihesabiwa hivyo, wachezaji wa Japani husema bendera imesimama. Tuseme mtu anakwepa kumzungumzia ndugu yake: utamuuliza tena, au utanyamaza? Mara nyingi hakuna atakayekwambia kama umepatia. Saa mbili baadaye ndipo mlango unafunguka, au unabaki umefungwa na unaishia kwenye mwisho mbaya.

Katika gemu za mapenzi matupu, ruti ni suala la moyo: umempenda nani? Gemu za aina hii zilizolenga wasichana, zinazoitwa otome, zilianza mwaka 1994 na Angelique ya kampuni ya Koei. Likiingia fumbo la uhalifu, ruti inabeba mzigo mwingine kabisa. Kila mpenzi anakuwa na kipande cha ukweli, na huwezi kukipata bila kumkaribia.

Chukua Collar × Malice, iliyotoka mwaka 2016 kwa PlayStation Vita, mashine ya gemu ya mkononi. Ichika Hoshino ni askari polisi kijana huko Shinjuku, jijini Tokyo. Kundi linalojiita Adonis limefanya uhalifu mfululizo hadi eneo hilo limetengwa na jiji, na wakazi wake wameruhusiwa kubeba bunduki. Kwa Japani, nchi yenye sheria kali mno za silaha, hilo peke yake linatisha. Usiku mmoja Ichika anavamiwa, na anapopata fahamu ana mshipi shingoni kama wa mbwa, wenye sumu ndani yake. Siku zinahesabiwa kuelekea siku ambayo Adonis wameitangaza.

Wanaume watano, wote wenye historia na kazi ya polisi kwa namna moja au nyingine, wanalichunguza kundi hilo. Ukimfuata Enomoto, kuna tukio utakalolijua kwa kina na mengine utayasikia kwa mbali tu. Ukimfuata Sasazuka, mtaalamu wa kompyuta mwenye ulimi mkali, unaliona kundi lilelile kutoka dirisha lingine. Ruti ya Yanagi, anayewaongoza, imefungwa. Haifunguki mpaka uwe umezimaliza za wale wengine.

Watu wapya hulalamikia kufungiwa huku, nami nawaelewa, kwa sababu huenda Yanagi ndiye aliyewavutia tangu mwanzo. Lakini angalieni kinachotendeka. Kila ruti mpya Ichika anaanza upya. Hakumbuki aliyempenda jana wala alichogundua. Wewe unakumbuka. Unamwona akimwamini mtu ambaye wewe umeshajua anaficha nini. Ushahidi haukusanyiki kichwani mwake, unakusanyika kichwani mwako, na ruti ya mwisho imeandikwa kwa ajili ya msomaji anayejua kuliko shujaa. Ndiyo maana naiona ruti kuwa chombo cha upelelezi hasa, si menyu ya wachumba.

Mapenzi na fumbo vilikutana mapema. Mwaka 1994 huohuo kampuni ya Chunsoft ilitoa Kamaitachi no Yoru kwa Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo: Toru anakwenda na Mari, msichana anayempenda, kwenye nyumba ya wageni ya watelezaji wa theluji. Dhoruba inawafungia ndani na mtu anauawa. Wahusika wanaonyeshwa kama vivuli vya buluu visivyo na sura, hivyo uso wa Mari unautengeneza mwenyewe. Wakati ukifika, unaandika jina la muuaji kwa herufi, moja baada ya nyingine. Ukichelewa kumtambua, watu wanazidi kufa, na katika mwisho mmoja hofu inamfanya Mari amgeukie Toru mwenyewe. Mpenzi na mtuhumiwa ni mtu yuleyule, nawe huna pa kukimbilia.

Ukitaka kuanza, sevu kabla ya kila chaguo, na ukimbie kabisa netabare, yaani ufichuzi wa siri za hadithi. Ruti ya kwanza mfuate unayemtaka. Ukirudia ruti ya pamoja, tumia kitufe cha kuruka: gemu inakumbuka kila mstari uliokwisha kuusoma, na maandishi yanakimbia kama mvua. Kisha yanasimama ghafla katikati ya mazungumzo unayoyajua. Pale mezani, miongoni mwa watu walewale, kuna sentensi moja ambayo mara ya kwanza haikuwepo.