Je, wajua kwa nini subchifu anauliza maswali mengi mtu akifia nyumbani?

Huku kwetu magharibi mwa Kenya, iwe Butere, Vihiga ama Siaya, mzee akifia nyumbani usiku, ikifika asubuhi watu washaanza kutafuta hema na kuulizia bei ya jeneza, lakini kuna mtu mmoja lazima aambiwe kabla ya kuzika, naye ni subchifu, yaani msaidizi wa chifu anayesimamia sablokesheni. Anafika anaanza: jina kamili la marehemu, alikuwa na miaka mingapi, alikuwa anaugua nini, ugonjwa ulianza lini, kitambulisho chake kiko wapi. Familia zingine hukasirika, wanaona mbona mtu anatusumbua na tuna msiba.

Anafanya kazi ya sheria. Tangu 1971 kuandikisha vizazi na vifo ni lazima Kenya nzima, na kwa vile afisi za usajili haziwezi kuwa kila kijiji, kazi iligawanywa hivi: aliyezaliwa ama kufia hospitali anaandikwa na hospitali, wa nyumbani anaandikwa na subchifu wa hiyo sablokesheni. Swali la ugonjwa ndilo zito. Akisikia marehemu alianguka, alipigwa, ama alikufa ghafla na hakuna anayejua sababu, hawezi kuandika tu hivi hivi, lazima polisi waingie kwanza na pengine mwili upasuliwe. Ukweli wa kifo ukizikwa bila kuulizwa, kuufukua ni kazi ngumu sana na inaumiza familia mara ya pili.

Sasa hapa ndipo wengi hupotelea: kibali cha kuzika anachokupa subchifu sio cheti cha kifo! Kibali kinakuruhusu kuzika, basi. Cheti kinatoka kwa msajili, baada ya fomu alizojaza subchifu kufika kwake na kitambulisho cha marehemu kurudishwa. Watu wanazika, wanamaliza matanga, wanakaa miaka, halafu siku ndugu wanataka kugawana shamba ambalo taitoo, yaani hati ya shamba, bado iko kwa jina la baba, korti inaitisha cheti cha kifo na hakuna mtu aliwahi kukifuata. Inaniuma nikiona mama mjane anazungushwa afisi baada ya afisi kwa karatasi ambayo ingetafutwa mapema kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani naye ni hivyo hivyo, anaandikishwa kwa subchifu. Ikipita miezi sita inahesabika umechelewa na utaitishwa ushahidi zaidi, kama kadi ya kliniki ama ya ubatizo. Na kwa akina mama ambao hawajaolewa: zamani jina la baba halingeandikwa mpaka yeye na mama waombe pamoja, ama kuwe na ushahidi wa ndoa, watoto wengi wakabaki na kistari hapo kwa baba. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilisema kipengele hicho cha sheria kinavunja katiba manake kinabagua mtoto, na ilisema vizuri kabisa.

Kama mtoto alibadilishwa jina, labda babu alikuja kwa ndoto akataka aitwe yeye, mzazi ana miaka miwili tangu aandikishwe kupeleka hilo jina jipya. Subchifu akimaliza kuandika mwambie akusomee herufi kwa herufi, Wafula iwe Wafula vile iko kwa kitambulisho cha baba, ndio uweke sahihi.