Injini ibaki nyumbani

Hapa Malindi kuna swali linaloniandama, hasa kutoka kwa wanaojua kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970: tukiunda roketi kubwa zaidi, si tutafika kwenye nyota? Hatufiki. Shida iko kwenye mafuta, maana kila kilo ya mafuta inataka mafuta mengine ya kuisukuma.

Tupige hesabu. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 4.24 kufika. Chombo cha angani Voyager 1 kinakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ni safari ya miaka 75,000 hivi. Haya, tutake kilomita 300 kwa sekunde, yaani miaka 4,000 na ushei. Roketi ya haidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Ukitia namba hizo katika kanuni ya roketi aliyoichapisha Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903, kilo moja ya mzigo inadai mafuta yenye uzito wa dunia kama hii yetu 15,000! Injini ya ayoni, inayotoa chembe zenye chaji ya umeme kwa kilomita 30 kwa sekunde, inadai tani 22. Nafuu kubwa, ila ni kwa kilo moja tu, na breki bado hatujazihesabu.

Mradi wa Daedalus, chombo cha kwenda nyota nyingine kilichochorwa Uingereza kati ya 1973 na 1978, ungefikia asilimia 12 ya kasi ya nuru kwa kuunganisha viini vya atomu. Ungebeba tani 50,000 za mafuta, sehemu yake heliamu-3, aina adimu ya gesi ya heliamu, ya kuchotwa kwenye anga la Mshtarii. Naiheshimu kazi ile. Kuijenga ni habari nyingine. Antimata, maada kinyume inayoteketea kuwa nishati ikigusana na maada ya kawaida, siigusi: yote iliyowahi kutengenezwa maabara haifiki gramu.

Mimi niko upande wa tanga. Jahazi halipakii upepo shehenani, na nuru nayo husukuma. Wajapani walilithibitisha hilo kwa IKAROS, chombo chao cha angani chenye tanga, mwaka 2010. Mradi wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa 2016, ulipendekeza leza za gigawati 100 zibaki ardhini, zikisukuma tanga la mita chache hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru. Mahitaji ya umeme ya Kenya nzima hayajafika gigawati 3. Na msukumo wenyewe? Gawanya gigawati 100 kwa kasi ya nuru, zidisha kwa mbili kwa kuwa tanga ni kioo: nyutoni 667, uzito wa mtu wa kilo 68. Ndiyo maana chombo lazima kiwe cha gramu chache.

Kusimama sasa. Wengi hupapitia juu juu. Kwa kilomita 60,000 kwa sekunde, yaani ile asilimia 20, umbali wa Dunia hadi Jua unamalizika kwa dakika 42, na chombo hakina breki. Kipige picha mbiombio, kisha kizitume kwa kileza dhaifu kuvuka miaka minne ya nuru. Pesa zingekuwa zangu, ningeanza na hicho kileza kabla ya kununua hata kioo kimoja cha leza kubwa.