Kuchagua kliniki ya pampu ya insulini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kliniki bora ni yenye pampu mpya kuliko zote"

Sivyo. Kazi ya pampu ni kusukuma insulini inayofanya kazi haraka. Inaingia kidogo kidogo usiku na mchana kupitia kanula, kimrija chembamba kinachokaa chini ya ngozi, na wakati wa kula unaongeza dozi mwenyewe. Kinachotuliza sukari ni namba zilizowekwa ndani ya mashine: yuniti ngapi kila saa, yuniti moja kwa gramu ngapi za wanga, na yuniti moja inashusha sukari kiasi gani. Namba hizi huanza kwa makadirio. Mtu anayejichoma yuniti 40 kwa siku anaweza kuanzishiwa 34. Nusu yake, yaani 17, inagawanywa kwa saa 24, kama yuniti 0.7 kwa saa. Siku chache baadaye huenda sukari ikashuka usiku wa manane au ikapanda alfajiri, na namba zikabadilishwa tena.

Kwa hiyo uliza: wiki mbili za mwanzo nani atapitia namba zangu, na kila baada ya siku ngapi? Kliniki inayokufunga pampu leo na kukupa tarehe ya kurudi baada ya miezi 3, iache, hata kama kifaa chake ndicho cha kisasa kuliko vyote.

"Pampu ikigoma usiku, nitakwenda kliniki asubuhi"

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Anayetumia pampu hana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Mtiririko ukikatika, ndani ya saa chache tu ketoni (asidi zinazojikusanya kwenye damu mwili ukikosa insulini) zinaweza kuanza kupanda, na kufikia asubuhi mtu anatapika. Sababu ni za kawaida kabisa: kanula imekunjika, gundi imeachia kwa jasho, mrija una hewa, au ngozi imekuwa ngumu kwa kuchomwa palepale kila mara. Wala usitegemee kengele. Kanula ikichomoka, insulini inavuja kwenye nguo, na mashine inaendelea kuhesabu kwamba imeingia mwilini. Dalili ya kwanza inaweza kuwa gundi iliyolowa na harufu kali ya dawa.

Kliniki inayojua kazi yake inakupa utaratibu ulioandikwa, unaofanana na huu:

- Sukari ikizidi 14 mmol/L (250 mg/dL) bila sababu unayoijua, pima ketoni za damu.
- Zikiwa chini ya 0.6 mmol/L, ongeza dozi kwa pampu na upime tena baada ya saa moja au mbili. Sukari isiposhuka, tatizo liko kwenye kanula.
- Zikiwa 0.6 au zaidi, dozi ya kurekebisha ichomwe kwa kalamu ya insulini au sindano, si kwa pampu. Kisha badilisha kanula, mrija na insulini yenyewe.
- Kuanzia 1.5, piga simu kliniki saa hiyohiyo. Zikifika 3.0, au ukianza kutapika, nenda hospitali.

Karatasi hiyo iwe pia na dozi yako ya insulini ya muda mrefu, kwa siku ambayo pampu itakufa kabisa. Na ile namba ya dharura wanayokupa, ipigie usiku mmoja kabla ya kulipa chochote. Isipopokelewa, umeshapata jibu.

"Pampu za sasa zinajiendesha, mafunzo hayahitajiki"

Hata zile zinazosoma kihisi cha sukari na kujirekebisha bado zinahitaji uziambie unakula wanga kiasi gani. Ndiyo maana kliniki iwe na mtaalamu wa lishe anayepima chakula chako halisi kwa mizani. Ugali mgumu na ugali laini wa uzito uleule havina wanga sawa, na kitabu cha vyakula vya Ulaya hakitakusaidia hapo.

"Ukishanunua pampu, gharama imekwisha"

Kanula hubadilishwa kila baada ya siku 2 hadi 3, yaani 10 hadi 15 kwa mwezi, mbali na zinazochomoka. Ongeza hapo gharama ya vichupa vya insulini vinavyokaa ndani ya pampu, vihisi na vipimo vya ketoni. Afrika Mashariki vifaa hivi huagizwa nje, hivyo uliza kliniki ina akiba ya miezi mingapi, na friji ya insulini (2 hadi 8°C) inafanyaje umeme ukikatika. Kwa anayeishi Uingereza hali ni tofauti: Desemba 2023 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ilipendekeza pampu zinazojirekebisha kwa watu wengi wenye kisukari aina ya kwanza kupitia NHS, huduma ya afya ya umma, na swali kubwa huko ni foleni.

"Daktari aliyeniambia nisubiri hanijali"

Mara nyingi anakujali. Kama hupimi sukari mara kwa mara, au vifaa vya mwezi ujao havina uhakika, pampu inaongeza hatari. Sindano nne kwa siku zikiendana na upimaji mzuri zinaweza kuiweka sukari kati ya 3.9 na 10 mmol/L kwa zaidi ya 70% ya muda, na lengo hilo ni lilelile kwa mwenye pampu. Muulize daktari huyo anataka kuona nini kwenye daftari lako la sukari ndipo akubali, na akuandikie.