Je, wajua? Resista 16 zinatosha kuifanya kompyuta ya zamani iseme

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika moja ndogo ndani ya kasha, na spika hiyo ilijua mambo mawili tu: kusukumwa na kuachiwa. Ukitaka mlio wa "piii", unaupata bila taabu. Ukitaka sauti ya mtu, hapo ndipo kazi inapoanza. Kadi za sauti zilikuja baadaye, AdLib mwaka 1987 na Sound Blaster mwaka 1989. Miaka hiyohiyo kampuni ya Covox ya Oregon, Marekani, ilikuwa ikiuza kidude cha kuchomeka kwenye tundu la printa. Ndani yake mlikuwa na resista, yaani vipande vidogo vinavyozuia kiasi cha umeme unaopita, zilizopangwa kama ngazi, basi. Siri ya namna hiyo haifichiki, na watu wakaanza kujitengenezea cha kwao mezani.

Sasa niungame. Tundu la printa lina nyaya nane za kupelekea data, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kila waya una sauti yake, kama vyuma vya ilimba. Ukikulia Dodoma ukisikia Wagogo wakipiga ilimba, wazo hilo halihitaji kufundishwa: chuma kirefu sauti nzito, chuma kifupi sauti nyembamba, kidole gumba kinachagua. Nililieleza hivyo kwa ujasiri kwa fundi redio mmoja wa Majengo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka pasi yake ya kuchomea chini, akauliza: "Kwa hiyo mzee, sauti ya tisa itatoka wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna waya hata mmoja wenye sauti. Zote nane kwa pamoja zinataja namba moja, kuanzia 0 hadi 255, na namba hiyo ni kiasi cha umeme tu. Fikiria mizani ya sokoni na mawe yake: kilo, nusu, robo, nusu robo. Kila jiwe ni nusu ya lililotangulia. Ukiwa na mawe nane ya mtindo huo, ukiweka haya na kuondoa yale unapata uzito wa aina 256 tofauti, ukihesabu na mizani mitupu. Waya wenye umeme ni jiwe lililowekwa, usio na umeme ni jiwe lililoondolewa. Jiwe halilii. Kinacholeta sauti ni sahani ya mizani kupanda na kushuka, mawe yakibadilishwa mara 11,000 kwa sekunde, na spika ikiifuata.

Ila nyaya zote nane hutoa umeme uleule, tuseme volti 5. Nani anayeufanya mmoja uwe kilo na mwingine nusu robo? Hapo ndipo ngazi ya resista inaponifurahisha kuliko inavyostahili.

Chukua wachuuzi wanane wa maziwa wamekaa mstari mmoja. Kila mmoja ana kikombe chake, ama cha maziwa matupu (volti 5) ama cha maji matupu (sifuri). Wa kwanza anapokea kikombe cha maji, anakichanganya na chake nusu kwa nusu, kisha anampa jirani kikombe kimoja cha mchanganyiko. Jirani naye anafanya vivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari. Maziwa ya mchuuzi wa mwisho yamechanganywa mara moja tu, kwa hiyo yeye ana uzito wa nusu. Ya yule wa kwanza yamepita mikono minane na kubaki sehemu 1 kati ya 256, maziwa ambayo hata mteja mvumilivu angeyarudisha.

Ili mchanganyiko uwe nusu kwa nusu kweli, pande mbili zinazokutana lazima ziwe na ukinzani (nguvu ya kuzuia umeme, inayopimwa kwa omu) sawa. Resista tisa za kilo-omu 20 na saba za kilo-omu 10 zinatimiza hilo: popote unaposimama kwenye ngazi, kinachotoka nyuma kinaonekana kama kilo-omu 20, sawasawa na resista ya waya wako. Programu ikiandika 128 kwenye tundu, mwisho wa ngazi utapima kama volti 2.5, ikiandika 64, volti 1.25.

Hesabu ni safi kuliko vifaa. Matundu mengi ya zamani hayafiki volti 5 kamili. Resista za asilimia 5, yaani zinazoweza kupotoka kwa kiasi hicho, zikikosea kwenye waya wenye uzito mkubwa zinameza hatua kadhaa ndogo, kwa hiyo nunua za asilimia 1 au kaa na testa uchague zinazolingana. Nyaya za data ni pini 2 hadi 9, eathi ni 18 hadi 25. Umeme unaotoka mwisho wa ngazi uende kwenye amplifaya, si kwenye spika moja kwa moja, na upunguzwe kwanza. Waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa kwa kawaida hautasaidia, maana programu za zamani huandika moja kwa moja kwenye anwani ya tundu lenyewe.

Tena kidude hiki hakina kumbukumbu, hivyo prosesa ndiyo inayobadilisha mawe yote kwa mkono wake. Kwenye mashine ya megahezi 4.77 kila badiliko linapata mapigo kama 430 ya saa yake, na kazi nyingine zote zisubiri.

Wapo wanaosema sauti yake ina "joto" kuliko ya kadi. Mimi nasikia mkwaruzo. Lakini niliporekodi ilimba na kuicheza kupitia ngazi hiyo, nilishindwa kutofautisha mkwaruzo wa resista na ule mvumo ambao ilimba yenyewe huwa nao.