Okidi ya Kitulo haioti Mbezi Beach

Mvua zikishaanza nyanda za juu, simu yangu hujaa picha. Mtu kaenda Makete kwenye harusi au msiba, kaona okidi yenye ua la rangi ya waridi imesimama kwenye nyasi za mlimani, basi ananiuliza: "Dokta, nikiing'oa na udongo wake nikaipanda kwenye ndoo nyumbani Mbezi Beach, si itashika?"

Haitashika. Na si suala la mkono mzuri wa kupanda.

Okidi tulizozizoea hapa Dar, za mapokezi ya hoteli na bustani za barabarani, nyingi asili yake ni Asia, na kwao hukaa juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Ndiyo maana mnauziwa zikiwa kwenye vipande vya magome. Zile za picha zenu, kwa mfano kundi la Satyrium, ni za ardhini. Chini zina viazi viwili: kimoja cheusi kilichosinyaa, ambacho kimelisha shina la mwaka huu, na kingine cheupe, kigumu, ambacho ni akiba ya mwaka ujao. Kiangazi majani yote hukauka, mmea ukabaki kiazi tu udongoni. Uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi ya baridi nyasi huweza kuganda. Mbezi hiyo baridi utaitoa wapi?

Baridi hata hivyo ni shida ndogo. Shida kubwa ni kuvu. Mbegu ya okidi ni ndogo mno, haina chakula ndani yake. Isipokutana na kuvu wa udongoni wa kuilisha, haichipui. Mmea ukishakua bado mizizi yake huendelea kuishi na kuvu hao. Kwenye ndoo yako uhusiano huo unavurugika, na ukiongeza mbolea ya kuku ndiyo umemaliza kabisa.

Ukilikuta ua, piga magoti ulitazame. Kwa okidi nyingi ua hujizungusha hadi mdomo, ile petali isiyofanana na nyingine, ukawa chini. Satyrium hafanyi hivyo. Mdomo wake uko juu kama kofia, na nyuma yake zinaning'inia pembe mbili nyembamba zenye asali. Ingiza ncha ya njiti ya kiberiti taratibu chini ya kofia hiyo: ukibahatika itatoka na vidonge vya chavua vimenata. Hivyo ndivyo anavyobandikwa mdudu anayefuata asali. Mimi sijachoka kuufanya mchezo huo, na wanafunzi wangu wanajua.

Viazi hivyo vina adui mwingine: sufuria. Zambia huvitwanga, wakavipika na karanga na pilipili kupata chikanda, ambayo hukatwa vipande na kuliwa. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti uliokadiria kwamba mamilioni ya viazi yalikuwa yakivushwa kila mwaka kwenda Zambia kutoka nyanda zetu za juu kusini. Mchimbaji hutaka kile kigumu, yaani cha mwaka ujao, kwa hiyo mmea hauna pa kuanzia tena. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua yake yalikuwa sababu kuu. Kung'oa humo ni kosa, na okidi zote za mwituni zinahitaji kibali kuvuka mpaka.

Kwa hiyo nendeni mkazione. Panda basi la Mbeya pale stendi ya Magufuli, shuka Chimala, tafuta gari la kwenda Matamba, karibu na hifadhi. Barabara hiyo huitwa Hamsini na Saba kwa wingi wa kona zake, na mvua ikikolea gari dogo ni kujitesa. Januari hadi Machi maua huwa mengi. Bebeni koti zito. Kuna watu wa Dar huenda na kandambili.